Mtunzi wa Jengo Letu

Bibi alinipigia simu nikiwa Hatta, milimani nje ya Dubai, pembeni mwa bwawa, nimeshika kasia mkononi na mtalii mmoja ananiuliza kama majini mna mamba. Kazi yangu ya siku hizi ni kukodisha mitumbwi ya plastiki. Kabla ya hapo niliuza manukato Al Barsha, na kabla ya manukato nimefanya mengi hata Bibi mwenyewe ameacha kuyafuatilia. Siku hiyo hakunisalimia kirefu kama kawaida yake. Aliniambia Mtunzi amefariki huko kwao Tabora, dada yake ndiye aliyeleta habari, na kwamba Ijumaa atapika biriani ya kumkumbuka, kwa hiyo nije mapema nimenye vitunguu.

Nilimhakikishia mtalii kwamba hakuna mamba, nikaomba ruhusa, nikapanda basi la mjini. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu dirishani, na mama aliyeketi jirani yangu lazima alidhani nimepata mchumba. Nisamehe, rafiki yangu. Najua mtu akifa watu hulia. Lakini ukimtaja Mtunzi, kinachonijia kwanza ni kicheko, na nadhani ukikaa nami kidogo utaelewa kwa nini.

Sisi tulikulia Al Baraha, upande wa Deira, katika jengo la rangi ya chai ya maziwa. Bibi alifika hapo kutoka Unguja akiwa bibi harusi, akalea watoto, kisha akatulea sisi wajukuu. Tuliishi ghorofa ya nne. Chini kabisa kulikuwa na tanuri la mkate la Mpathani mmoja, mtu wa Pakistani mwenye mikono mirefu, na pembeni yake kafeteria ndogo iliyouza chai ya karaki, nzito ya maziwa na iliki, na chapati za kuviringisha, ndani yake jibini na chipsi zilizosagwa. Ukisimama kwenye ngazi alfajiri ulisikia mashine za baridi zikidondosha maji, njiwa wakigombana, redio ya Kihindi ghorofa ya pili, na sauti ya Bibi kutoka juu ikiuliza kama mkate tumeufuata Unguja.

Maana kazi yetu sisi watoto ilikuwa mkate. Kila asubuhi mimi, kaka yangu na binamu zetu tulishuka kuuchukua, ukiwa umefungwa kwenye gazeti, wa moto hata unaubadilisha mkono kila ngazi. Lifti ilikuwa mbovu siku nyingi kuliko ilivyokuwa nzima. Tulipanda kwa miguu, na njiani tulimega kingo kidogo kidogo, hata Bibi akawa anasema Mpathani siku hizi anaoka mikate isiyo na mdomo.

Hapo kwenye tanuri ndipo Mtunzi alipotukamata. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye shati la mikono mirefu hata wakati wa joto lile la mwezi wa nane. Kazi yake ilikuwa ukarani katika kampuni ya mizigo, lakini kwao alikuwa ameandika michezo ya redio, na watu wazima walituambia kwamba ilipokuwa inarushwa hewani, watu waliacha ugali ukaungua. Tulipomuuliza kwa nini aliacha, alisema alichoka kuua wahusika, akaja Dubai kuhesabu makasha, kwa kuwa makasha hayafi.

Hapa kwetu alitunga nyimbo za harusi. Kila familia ya Waswahili wa Deira iliyoozesha binti ilimjia, wa Unguja, wa Mombasa, hata Waganda. Na hakuandika kitu. Alitupatia ubeti pale chini kwenye tanuri, mara moja tu, kisha tukapanda nao pamoja na mkate. Tukifika mlangoni kwa Bibi tuliuimba wote, na Mtunzi alikuwa nyuma yetu, anahema, anasikiliza. Neno lililofika juu alilibakiza. Neno tulilolidondosha ngazini, naye alilitupa, akatafuta jingine.

"Ubeti ukishindwa kupanda ghorofa nne na mtoto aliyeshika mkate wa moto," alikuwa akisema, "utapandaje kichwani kwa mama aliyeshiba biriani?"

Siku nyingine tulibadilisha neno bila kujua, na neno letu likawa zuri kuliko lake. Hapo alisimama kwenye ngazi, akavua miwani, akatupatia mkono mmoja mmoja kama wanavyosalimiana mabwana wakubwa. Sijapata mshahara wowote ulionifurahisha kuliko mkono ule.

Lakini kulikuwa na siku za pazia. Dirisha lake, ghorofa ya tatu, lilitazamana na jiko letu kupitia ule uwazi wa katikati ya jengo. Bibi alipokuwa anachemsha chai alitupa jicho upande ule, na akiliona pazia limeshuka alisema tu, "Mtunzi leo anaumwa," akaongeza kikombe cha mchele. Sahani yake tuliiacha kwenye kiti nje ya mlango wake. Wakati mwingine tuliikuta tupu. Wakati mwingine tuliikuta ilivyo, wali umekauka juu, na nyuma ya mlango kuna harufu kama ya pamba ya sindano. Nilidhani ni dawa yake. Ilinichukua miaka kujua kwamba alidhani hivyo hata yeye.

Mtu ambaye hakuvumilia siku zile alikuwa Jirani. Huyu alikuwa Mkenya wa bara, msimamizi wa walinzi huko Al Barsha, mtu wa kanisa, viatu vyake ukivitazama unajiona. Aliishi mlango unaofuata wa Mtunzi pamoja na vijana wake wa kazi, wengi kuliko vitanda vilivyoruhusiwa, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Polisi wakija kwa ajili ya mlevi ngazini, watagonga kila mlango, na mlango wake ndio wa kwanza. Jioni moja Mtunzi alikutwa amelala kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kiatu kimoja hakipo. Kesho yake Jirani alipanda kwa Bibi na sare yake yote, kofia mkononi.

"Mama, mimi nakuheshimu sana," alisema. "Lakini huyu mtu nikimpata tena kwa ngazi, naenda kwa wakala wa jengo. Khalas."

Bibi alimkaribisha chai kwanza. Kisha akamweleza kwamba wakala akijua, kampuni ya mizigo itajua, na kampuni ikijua watamfutia viza, na mgonjwa yule atarudishwa kwao na aibu begani. Jirani alisema anajua, na anasikitika, lakini ana vijana kumi na kitu wanaolisha watu nyumbani. Wote wawili walikuwa na haki, hata mimi niliyekuwa chini ya meza nakula vitumbua nililiona hilo. Mwishowe Bibi akaomba muda. Shangazi yangu mdogo alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi, na Mtunzi ndiye mwenye wimbo. Harusi ipite. Akilewa kabla ya hapo, Bibi mwenyewe atakwenda kwa wakala. Jirani alikubali, akamaliza kitumbua, akashuka.

Mtunzi aliambiwa, akaapa. Asubuhi iliyofuata alitungoja kwenye tanuri, amenyoa ndevu, akatupatia nusu ya ubeti:

Shuka ngazi kwa utuvu,
mwana uliye thamani.

Utuvu, alisema, ndio utulivu wa washairi, na nusu ya pili atatupatia kesho. Kesho yake pazia likashuka.

Likakaa chini siku baada ya siku. Shangazi alikuwa ameshanunuliwa piko, hina na udi, na wimbo wake una mistari miwili tu. Bibi hakutaka kumtisha mtu aliyelala, ila kila alipolitazama lile dirisha alikoroga chai muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Ndipo jengo zima likaanza kutunga. Sisi watoto tulikwenda mlango hadi mlango tukiimba ile nusu na kuomba nyingine. Binamu yangu alitaka iishie na biriani. Shangazi mwenyewe alitunga mstari wa mapenzi, Bibi akamwambia akautunge baada ya harusi. Mwenye kafeteria, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha "habari" na "chai mbili", alituimbia kitu cha Kimalayalamu, lugha ya kwao India, akasema kinafaa kabisa.

Tulimgongea Jirani pia, kwa adabu tu. Alitusikiliza, akasema yeye hana wakati wa mashairi. Jioni ile tukamwona anashuka kununua sabuni huku midomo inacheza.

Mlevi wa mashairi ni mlevi vilevile, rafiki yangu. Jirani alipotoka kazini siku iliyofuata hakuingia kwake. Alisimama mbele ya mlango wa Mtunzi, bado ana sare, sisi tumekaa ngazini na sahani ya Bibi, akakohoa kama anayetaka kusoma tangazo. Kisha akasema kwa sauti:

"Shika chuma cha pembeni, usije kuanguka chini."

Mashine ya baridi ikadondosha maji. Halafu kutoka nyuma ya mlango, sauti iliyokauka, sauti ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Hiyo ni ilani ya usalama, bwana."

Jirani aliruka nusu hatua. Sisi tulishikana mikono.

"Lakini ni kweli," alisema Jirani. "Watu wanaanguka hapa. Wewe mwenyewe ulianguka."

"Kweli haitoshi. Na kina chako hakiendi na utuvu."

"Basi fungua tuongee kama watu."

"Siwezi kusimama leo," ilisema ile sauti. "Si ukaidi, ndugu yangu. Ni kama kuna mtu ameniketia kifuani."

Nilimtazama Jirani nikidhani ataondoka. Alivua kofia, akaiweka kwenye kiti, akaketi sakafuni na ile suruali iliyopigwa pasi, mgongo mlangoni. Akaanza kulalamika. Alilalamika kama mtu anayeongea na mkewe: saa kumi na mbili nzima amesimama kwenye mlango wa duka la saa, madam mmoja amemfokea kwa sababu ya mwavuli, miguu imevimba, amefika hapa akaikuta lifti imekufa tena. Amempigia simu fundi. Na fundi anamwambia hawezi kuja wiki hii, yuko harusini kwao Kerala.

Nyuma ya mlango tukasikia kitu. Mwanzoni nilidhani Mtunzi analia. Alikuwa anacheka, kicheko chembamba kinachotafuta njia. Kisha akagonga mbao kwa kidole, anahesabu, na akaisema:

Lifti ingali mbovu,
fundi yuko harusini.

Akatuita kwa majina yetu na kutuamuru tuupeleke juu. Tulikimbia na sahani mikononi tukasahau kuiacha. Ubeti ulifika mzima mlangoni kwa Bibi. Bibi aliusikiliza mara moja, akakaa juu ya gunia la mchele, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Mlango wa Mtunzi haukufunguka siku ile wala iliyofuata. Lakini Jirani alirudi kila jioni kuketi pale na kulalamika, na kila lalamiko likawa ubeti: joto, madam, mwenye basi, viatu vipya. Harusi ya shangazi yangu ilipata wimbo mrefu kuliko zote zilizowahi kutungwa Deira, na nusu yake ilitoka kwenye miguu ya mlinzi.

Siku ya harusi pazia lilikuwa juu. Mtunzi alishuka na shati jeupe, amekonda, na Jirani nyuma yake amebeba koti la kumwazima.

Sasa ujue desturi yetu. Sherehe ya wanawake haingii mwanamume, hata aliyetunga wimbo. Kwa hiyo Mtunzi hakuwahi kusikia nyimbo zake zikiimbwa ukumbini. Alikaa nje kwenye maegesho pamoja na madereva, na sisi watoto, tulioruhusiwa pande zote mbili, tulikuwa tunamletea habari: ubeti huu umepigiwa vigelegele, huu wamecheka, hapa mama mmoja amevua kiatu acheze. Na kule nje, miongoni mwa madereva, hakukosekana mwenye chupa chini ya kiti. Bibi alilijua hilo. Dawa yake ilikuwa sahani. Kila tulipotoka na habari tulitoka na sahani: sambusa, kisha biriani, kisha mkate wa kumimina, kisha biriani tena. Alisema mtu mwenye sahani mikono yote miwili hawezi kupokea kitu kingine. Mtunzi alikula mpaka akaomba huruma, na zilizobaki Jirani akazipokea kwa niaba yake.

Ukumbini wimbo ulipofika kwenye lifti, kina mama waliutaka tena. Wakautaka tena. Kila mmoja pale alikuwa na jengo lake na lifti yake na fundi wake asiyekuja. Nilitoka mbio kumweleza Mtunzi, nikarudi mbio, na niliporudi nilimkuta Bibi amesimama katikati ya ukumbi anavaa buibui lake. Sherehe haijaisha, bibi harusi hajala, na mama mwenye shughuli anavaa buibui. Watu wakageuka kumtazama.

"Nimechoka kumpelekea mtu sifa kwa mkono wa watoto," alisema. "Tutokeni."

Wakatoka. Mabuibui yote meusi ya Deira, dhahabu zinalia ndani yake, yakamiminika kwenye maegesho jua likiwa bado halijazama. Madereva waliinuka wakageuza nyuso kwa heshima. Mtunzi alikuwa na sahani mkononi na hakujua aiweke wapi. Wakamwimbia wimbo wake kuanzia mwanzo. Kwenye "lifti ingali mbovu" Jirani aliitikia kwa sauti nzito kuliko wote, kifua mbele, kama wimbo wa taifa. Na Mtunzi, nilimwona kwa macho yangu, vidole vyake vilikuwa vinahesabu silabi kwenye ukingo wa sahani, kuhakikisha kwamba zimetimia.

Natamani nikwambie kwamba alipona siku ile. Hakupona. Haukupita mwezi, akalewa, akaanguka palepale ngazini. Safari hii aliyemkuta ni Jirani. Alimbeba mgongoni mpaka kitandani, na mlinzi wa jengo alipouliza, alimjibu kwamba rafiki yake ana sukari. Kwa wakala hakwenda, wakati ule wala baadaye. Yeye na Bibi ndio waliompeleka kwa daktari, na daktari akasema ni sonona, na pombe juu yake. Bibi alirudi amechangamka, kwa sababu alichokuwa anakipikia kwa miaka sasa kina jina. Dawa zilisaidia alipozinywa. Pazia lilikaa juu miezi, likashuka, likapanda. Tulikua, tukaanza kubeba mkate kwa aibu. Kisha dada yake akaja kumchukua, ini limeshachoka, na jengo zima likamsindikiza mpaka kwenye teksi.

Mimi niliacha shule mapema, lakini kusoma sikuacha. Niliwahi kufanya kazi kwenye duka la vitabu vilivyotumika, na nilipenda kusoma kwanza ule ukurasa wa nyuma unaoeleza maisha ya mwandishi. Utashangaa wangapi walikuwa na pazia. Wa nchi za baridi, wa nchi za joto, wa kike, wa kiume, huyu alikunywa, yule alijifungia ndani. Na wenye kuandika kurasa hizo hupenda kusema kwamba huzuni ndiyo iliyowapa kipaji. Mimi niliyepandisha beti ngazini nakukatalia. Pazia likishuka hakikutoka kitu. Beti zilikuja pazia likiwa juu, mkate wa moto, watoto wanagombana. Isipokuwa ule wimbo mmoja, na huo aliletewa mlangoni na mlinzi aliyechoka.

Ijumaa ile nilimenya vitunguu mpaka nikalia, kwa hiyo deni langu la machozi nimelilipa. Jirani alikuja na kreti za soda, kichwa chote mvi, viatu bado vinang'aa. Jengo sasa lina kamera, na mlango wa kila nyumba unafunguka kwa kadi. Tanuri limekuwa duka la simu. Harusi tunafanya hotelini, nyimbo zinatoka kwenye kipaza sauti, na aliyezitunga hakuna anayemjua wala anayeuliza. Nilipanda na watoto wawili ambao hawakunisalimia, si kwa ukorofi, hakuna tu aliyewahi kuwapa kitu cha kubeba.

Tulipokuwa tunakula, mama mmoja, mgeni katika jengo, alimnong'oneza Bibi, lakini kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka jikoni. Alimuuliza kama si vibaya, mtu mzima kama yeye, kumpikia biriani mlevi.

Bibi aliweka kijiko chini.

"Alikuwa anaumwa, mwanangu," alisema. "Na siku alizokuwa mzima alituchekesha jengo zima. Haya, nyinyi mlio wazima mwaka mpaka mwaka, mie mmenichekesha lini?"

Jirani ndiye aliyeanza kucheka, mdomo umejaa wali. Kisha sote, na mwisho kabisa yule mama.